Begi la Baba Goodluck

Magomeni, Mtwara
Alhamisi, saa ya mapumziko

Kwako mama yangu Anabela,

Shikamoo mama. Habari za Kilambo, habari za shamba, habari za kuku wako na yule jogoo mwenye kiburi? Mgongo unaendeleaje tangu ulipomaliza kupalilia? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa wowote, nakula na nalala, namshukuru Mungu. Msalimie baba Isaya. Msalimie mjomba Dercio na wote wanaoniulizia pale kisimani, hata wale wanaoniulizia kwa kunicheka kwamba nimekuwa mtu wa mjini na bado naogopa kuagiza chumvi dukani. Waambie ni kweli, bado naogopa.

Barua hii nitampa Mama Francisca mkononi, akishamaliza kuuza samaki wake wakavu pale sokoni. Nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe, taratibu, kwa kidole kama ulivyozoea. Tafadhali usimpe baba Isaya akusomee. Simchukii, mama, utaona huko mbele. Kukupigia simu nisingeweza, maana simu ninayopigia ni ya Mwalimu Sabina, ambaye naishi kwake, na mume wake, Baba Goodluck, huamuru iwekwe sauti kubwa ili wote wasikie, kwa kuwa ndani ya nyumba yake hataki siri. Ndiyo maana kila tukiongea nakwambia hatujambo, chakula kipo, masomo yanaendelea, halafu naishiwa maneno na wewe unadhani ni haya zangu.

Ujumbe wako Mama Francisca alinifikishia. Aliniambia kwamba baba Isaya anamaliza kazi yake ya barabara mara msimu wa korosho ukiisha, na kwamba umekubali kumfuata kwao Njombe mkaishi kwa ndugu zake. Nyumba ya Bibi atapewa mfanyabiashara aifanye ghala la korosho. Akaniambia pia umeshanunua sweta la mtumba sokoni, ukalijaribu mchana jua likiwaka, na watoto wa jirani wakakufuata wakiuliza kama una malaria. Nilicheka, mama. Halafu akaniambia uliyoyasema mwisho, kwamba umechoka kuitwa mwanamke wa porini anayemweka mume kwenye nyumba ya mama yake, na kwamba na wewe unataka kuishi kama Mwalimu Sabina, mke kwa mumewe, kistaarabu. Hapo sikucheka tena.

Baba Isaya ni mtu mwema, nalijua hilo. Analeta sukari bila kuombwa, na aliponifundisha hesabu za uwiano hakunipigia kelele hata niliposahau yote. Najua na yeye anateseka. Alishanieleza kwamba kwao wakisikia anaishi kwa mke watamwita mtoto wa kulea, na kaka zake watamuuliza kama anaombaga ruhusa kwenda chooni. Sisemi ana roho mbaya. Nasema unataka kuiga maisha ambayo hujayaona kutoka ndani, na mimi ninaishi humo ndani. Kwa hiyo ngoja nikueleze.

Shuleni Mwalimu Sabina anatufundisha Uraia, na kila Alhamisi jioni anasimamia klabu ya wasichana. Huja na kioo kikubwa kilichofungwa kwenye kitenge. Kila msichana anasimama mbele yake, anajitazama na kusema kwa sauti, mimi ni mtu wa thamani. Wenzangu wanasema wakirembua macho, wengine wanaongeza na utani wao. Mimi siku ya kwanza nilinong'ona, na Mwalimu akaniambia, Odete, kioo hakina masikio, ongea! Darasa likaanguka kwa kicheko, lakini yeye alinishika bega, na nikaona kwamba hakunicheka. Siku ile nilitamani kuwa yeye. Anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Anasema mwanamke hapimwi kwa ugali wake, na hata walimu wa kiume wananyamaza akiongea.

Sauti hiyo, mama, huiacha getini. Tukifika nyumbani anaongea kama mimi. Anamnawisha mumewe mikono akiwa amepiga magoti, na hilo lisingenisumbua, maana ndivyo alivyolelewa kwao, na yeye mwenyewe anasema ni heshima. Kinachonisumbua ni kwamba hawezi kwenda msiba wa mwalimu mwenzake mpaka aombe, na akiombwa aeleze atarudi lini anaeleza kama mwanafunzi aliyechelewa. Anakula jikoni na mimi, baada ya wanaume kumaliza. Wanaume ni Baba Goodluck na Goodluck wa darasa la tano. Goodluck hajui kuosha kikombe. Neema, ambaye hata hajaanza darasa la kwanza, anamfuata kaka yake akiokota soksi. Siku moja nilimwomba Goodluck anisaidie ndoo ya maji, na baba yake akanicheka kutoka kibarazani, akaniambia nisije nikamgeuza mwanawe kuwa dada wa jikoni. Goodluck akaitua ndoo palepale, maji yakamwagika, nikayafuta mimi.

Nilikuwa nikiyatazama haya nikidhani ni mambo ya wakubwa na hayanihusu. Mpaka Jumapili ile ya kabla ya hii iliyopita.

Kabla ya Jumapili ilikuja habari kwamba Mwalimu ameteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule. Alirudi nyumbani na soda za kila mtu, akaimba akikaanga samaki. Hakuwa amemwambia mumewe, alikuwa akingoja siku nzuri. Jumapili baada ya ibada walikuja wageni wa Baba Goodluck kutoka kazini kwake, na mmoja wao, ambaye mke wake naye ni mwalimu, akampongeza. Akasema, sasa shemeji tutakuja kukuona kwa miadi! Wote wakacheka isipokuwa Baba Goodluck. Aliuliza ni lini mke wake alipanga kumwambia. Halafu akauliza nani atakayepika hizo siku za vikao vya shule. Mwalimu akajibu kwa upole kwamba watapanga, na kwamba hata yeye amesoma, anatamani kuona mwisho wa elimu yake. Ni hayo tu aliyosema, mama. Nilikuwa mlangoni nimeshika sinia, nilisikia kila neno.

Baba Goodluck hakumpiga. Alimuuliza mbele ya wageni nyumba hii ni ya nani. Majirani wote wanajua kwamba Mwalimu ndiye aliyekuwa akisimama juani kila Jumamosi akiwahesabia mafundi tofali. Baba Goodluck akamwambia kama amekuwa mkubwa basi atoke, arudi kwa baba yake huko alikotoka. Wageni wakainama wakivaa viatu vyao. Baba Goodluck akatoka nao kuwasindikiza hadi barabarani, na Mwalimu akaja jikoni, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akaanza kuchagua mchele ambao tulikuwa tumeshauchagua.

Sasa mama, nataka ukumbuke siku baba Jasinto, aliyenizaa, alipoondoka. Nilikuwa mdogo lakini naikumbuka kuliko siku nyingi za jana na juzi. Alikuwa amekuinulia mkono kule kisimani, mbele ya watu. Bibi hakupiga kelele. Alichukua begi la baba, akatia nguo zake, akaviringisha mkeka wake, akaweka vyote barazani, na viatu vyake akavipanga mbele ya begi, ncha zikitazama njia. Baba alikuja kutoka mtoni na samaki, akaona, akasimama. Akaomba maji. Bibi akampa kwa mikono miwili. Akanywa, akauliza kama betri za redio zimo, Bibi akamjibu zimo mfuko wa pembeni. Akaenda. Wewe ulikuwa jikoni unasonga ugali na hukutoka. Baadaye nilimuuliza Bibi kwa nini hukuliweka begi wewe mwenyewe, akaniambia mwenye mume hagusi begi, mama au ndugu zake wanawake ndio wanaoliweka, asije akatetemeka mikono. Na leo baba Jasinto akija anakaa barazani kama mgeni, analeta samaki, mnacheka, anaondoka.

Nilikua nikidhani dunia yote iko hivyo. Nimesoma vitabu vingi lakini hakuna kilichoniambia kwamba kwingine neno "toka" linaelekezwa kwa mwanamke. Nilipomwona Mwalimu anachagua mchele uliokwisha kuchaguliwa, nilijua jambo moja tu: neno la kuondoka limeshasemwa, na yeye hapa Mtwara hana mama wala dada. Ananiita mwanangu. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa yangu.

Sikumuuliza. Nililichukua begi jeusi lililo juu ya kabati, nikatia mashati, suruali mbili, wembe wake na jezi yake ya mpira. Niliikunja vizuri, mama, kama Bibi. Nikaliweka barazani. Viatu vyake vya kanisani nikavipanga mbele, ncha zikitazama barabara. Nikarudi kukaa karibu na Mwalimu na kuchagua naye mchele. Mikono yangu haikutetemeka. Ni jambo pekee katika maisha yangu nililolifanya bila kuagizwa, na sikuona haya.

Baba Goodluck aliporudi hakuelewa. Kwao bara hawana desturi hii. Akaita, nani anasafiri? Hapo tungeweza kupona, lakini jirani yetu Mama Latifa alikuwa anaanua nguo, na yeye ni mtu wa hukuhuku. Akaliona begi, akaviona viatu, akapiga kofi moja la nguvu na kigelegele juu yake. Akamwambia, shemeji, safari hiyo ni yako! Kwetu ukikuta hivyo unaomba maji ya kunywa, unaaga. Vijana wa bodaboda waliokuwa chini ya kivuli cha duka nao wakadakia, mzee, twende stendi, leo bure! Mwingine akamuuliza kama jezi imo, maana timu yake inacheza jioni. Watu wakajaa getini. Nilisikia vicheko nikiwa jikoni, na ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu uso wa Mwalimu ulibadilika rangi. Aliniuliza taratibu, Odete, umefanya nini?

Nilimweleza. Akainuka, akatoka nje. Mama, nilingoja amtolee maji. Sitaki kukudanganya, nilingoja kweli, na nadhani Mama Latifa naye alingoja, kwa sababu kelele zilikatika. Mwalimu alisimama mbele ya begi. Akalitazama kwa muda. Halafu akainama, akalifuta vumbi kwa pembe ya kanga yake, akalibeba na kuliingiza ndani. Akarudi kuchukua viatu. Akaniita, akaniambia nipige magoti mbele ya Baba Goodluck niombe radhi. Nikapiga magoti. Sakafu ilikuwa na punje za mchele zilizodondoka kutoka kwenye nguo zangu, nikazihisi moja moja magotini. Baba Goodluck akasema hakuna haja ya kunilaumu, mtoto wa ng'ambo ya mto hana adabu za ndoa kwa sababu hajawahi kuziona, mama yake mwenyewe anabadilisha wanaume kama kanga. Aliyasema hayo, mama. Nisamehe kwa kukuandikia, lakini nataka ujue ni nani unayetaka kufanana na mkewe.

Tangu siku hiyo geti lina kufuli hata mchana na ufunguo anao Baba Goodluck; tukirudi shule anatufungulia, anafunga tena, anaondoka nao. Nikitoka shule natembea na Goodluck, ambaye ameagizwa kusema nimeongea na nani. Shule ikifungwa natakiwa niondoke na nisirudi. Mwalimu ameshamjibu mkuu wa shule kwamba hataweza cheo kile, afya yake hairuhusu. Afya yake ni nzima. Alhamisi iliyopita alikuja na kioo klabuni kama kawaida, akaanza kutuonyesha mfano, akasema mimi ni, kisha akasimama. Tulingoja. Dirishani kulikuwa na kelele za netiboli. Akakifunga kioo kwenye kitenge na kutuambia tufungue vitabu ukurasa wowote. Hakuna aliyecheka. Nilitaka kuyamalizia yale maneno kwa ajili yake, na sauti haikutoka. Barazani niliweza, darasani nikashindwa, sijui nimeumbwaje.

Mwalimu hutuambia kujiamini kunatoka moyoni. Labda ni kweli, yeye amesoma. Lakini mimi nimekaa na wanawake wawili nikawatazama. Wewe kila siku unasema wewe mjinga, hukusoma, kule ng'ambo ya mto uliishia darasa la pili. Hata hivyo sijawahi kukuona ukiomba ruhusa ya kwenda kwenye msiba. Baba Isaya akikasirika unamwambia kaa unywe uji kwanza, tutagombana umeshiba, na yeye anakaa, anacheka. Sidhani unathubutu kwa sababu moyo wako ni mkubwa kuliko wa Mwalimu. Nadhani ni kwa sababu unajua ule mlango ni wako, na Bibi aliuacha kwako kama mama yake alivyomwachia yeye. Ukihamia Njombe baba Isaya hatabadilika kuwa mtu mbaya. Lakini siku moja atakasirika, kama watu wote, na hapo hutakuwa na pa kumwambia akae.

Nimefika kwenye jambo ambalo ndilo limenifanya niandike leo.

Juzi baada ya shule tulikuwa jikoni sisi wawili, Baba Goodluck akiwa hajarudi na watoto wakitazama katuni. Nilikuwa nakatakata mboga, yeye akimenya vitunguu. Mwalimu alifunga mlango kwa mgongo, akabaki hapohapo. Akaniuliza, kwa sauti ndogo kuliko yangu, hivi huko kwenu, akishawekewa begi, anaondoka kweli? Nikamwambia anaondoka. Akauliza, bila vurugu? Nikamwambia anaomba maji kwanza. Akauliza watoto wanabaki na nani. Nikamwambia wanabaki na mama, ni wa nani mwingine, na baba yao anakuja kuwaona na samaki. Akauliza watu wanasemaje. Nikamwambia wanasema siku hiyo, na keshoye wanaongelea bei ya korosho. Akacheka, mama, kicheko kidogo sana, kisha akajifuta macho kwa upande wa mkono uliokuwa na kitunguu ikawa vibaya zaidi. Akageukia jiko, nikadhani yamekwisha. Ndipo akauliza magari ya Kilambo yanaondokea wapi, na nyumba yenu ina vyumba vingapi.

Nilimwambia vina nafasi. Nilimwambia ukumbi ni mkubwa, mikeka ipo, na mama yangu haulizi mgeni anaondoka lini. Nimemwahidi nyumba yako bila kukuuliza. Hicho ndicho ninachotaka ukijue kutoka kwangu kabla hujamwachia mtu wa korosho ufunguo.

Sijui kama atakuja. Jana nimemwona akipiga pasi shati la mumewe, kola kwanza, kisha mikono, kwa uangalifu uleule. Ninapomtazama naona kama mtu aliyefungiwa ilhali mwenye kufuli hayupo hata nyumbani. Lakini leo alfajiri nilipotoka kufagia nilivikuta viatu vya Baba Goodluck mlangoni. Yeye huvivua akiingia, vikabaki vikitazama ndani. Leo vilikuwa vimegeuzwa, vimepangwa sawasawa, ncha zikitazama barabara. Watoto walikuwa wamelala, na mimi naapa sikuvigusa. Mwalimu alikuwa jikoni anawasha jiko, amenipa mgongo, na hakuniambia nivirudishe. Nilifagia kuvizunguka.

Kwa hiyo mama, mwambie baba Isaya asubiri. Mwambie tutazungumza wote watatu shule ikifungwa, nami nitajitahidi nisinong'one. Akikupenda atakaa hata kaka zake wakicheka, na wakizidi kucheka waje Kilambo wale samaki wetu. Lile sweta usilirudishe, mimi nitalivaa maktaba, kuna upepo. Lakini nyumba usiitoe. Huenda tukabisha hodi watu wanne siku moja, na wewe ndiye mtu pekee ninayemjua mwenye mlango wa kuufungua.

Kengele imegongwa na Mama Francisca hangojagi. Wape salamu zangu kuku, mjomba, na wenye kisima. Ukimaliza kusoma mpe Mama Francisca neno moja tu aniletee, "ipo" au "haipo". Nitaelewa.

Mungu akulinde hapo ulipo, na ubaki hapohapo.

Mwanao akupendaye,
Odete